Dirisha la Mwaka Mrefu: Mjadala wa Kang'ata

Jioni ile ya Alhamisi redio ilikuwa juu ya kaunta ya duka, Kang'ata, wilayani Handeni, na waliosimama kuisikiliza walikuwa wengi kuliko viti. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa akilitangazia taifa kwamba Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wa Awamu ya Pili, amefariki dunia saa 11:30 jioni katika hospitali ya Mzena, Dar es Salaam. Nikatoa daftari, nikatazama saa yangu mkononi, nikaandika tarehe kama ilivyosoma: 1 Machi 2024.

Haikuwa 1 Machi. Ilikuwa 29 Februari. Saa yangu ya plastiki, ya bei ya gulio, isiyo na jina lolote usoni, ilikuwa imekesha salama ikaamka imeiruka siku nzima. Siku ya maziko Mangapwani, kule Unguja, tarehe 2 Machi, yenyewe ilisoma 3. Maandishi yale sikuyafuta. Nimeyakata kwa mstari mmoja tu ili kosa lisomeke, na kosa hilo ndilo lililonirudisha Kang'ata mwaka uliofuata.

Ijumaa ya 28 Februari 2025 watu walikuwa wametoka kuswali, Ramadhani inabisha hodi, mashamba yametifuliwa yanasubiri masika. Chini ya mwarobaini fundi saa alikuwa ametandaza kitambaa chake cheupe mezani, lenzi imekaa kwenye jicho. Nikamwuliza: mwaka mmoja tangu kifo cha Mzee Mwinyi unatimia leo au kesho, maana 29 mwaka huu haipo? Kabla hajainua kichwa, waliokaa kwenye benchi wakawa wameshaanza kujibu. Nawaita kwa kazi zao na umri wao, inatosha.

KIJANA WA BODABODA: Jambo dogo hilo, mwandishi. Saa za mkononi siku hizi ni pambo. Simu yangu inajua Februari ina siku ngapi mwaka huu, mwakani, na huo mwaka 2028. Siijazi ufunguo, siisogezi. Inajua yenyewe.

FUNDI: Inajua, au inaambiwa?

KIJANA: Tofauti yake nini?

FUNDI: Tofauti utaiona siku usiyoambiwa. Hiyohiyo tarehe 29 Februari 2024, kule New Zealand, vituo vingi vya mafuta vya kujihudumia kwa kadi viligoma kwa saa nyingi kwa sababu programu ya malipo haikuitarajia siku ile. Mafuta yamo ardhini, fedha imo kwenye kadi, chombo kimesimama hapo kinasubiri. Kilichokosekana ni tarehe.

Kijana alinyamaza kidogo. Mtu anayeishi kwa lita mbili za asubuhi na mbili za mchana hawezi kulichukulia jambo la pampu kwa wepesi.

FUNDI: Na saa ya mwandishi haikuharibika. Imeundwa hivyo. Hata Casio F-91W, ile iliyotoka mwaka 1989 ambayo nusu ya waliosoma sekondari hapa waliivaa na nusu nyingine waliitamani, Februari yake ina siku 28 miaka yote. Ndani mwake mna mwezi, tarehe na siku ya wiki, mwaka haumo. Sasa asiyejua ni mwaka gani atajuaje kama mwaka huo ni mrefu? Kazi ya kuikumbuka 29 imeachiwa mvaaji. Saa za namna hii zilimiminika kwetu zama za Mzee Mwinyi mwenyewe, Mzee Rukhsa, biashara ilipofunguliwa. Mimi nimezilia ugali. Sizisemi vibaya.

MWALIMU MSTAAFU: Ndiyo maana wenzetu waliunda saa ya kalenda ya kudumu. Hiyo ndiyo mada yenyewe, mwandishi, hizi za plastiki tuziweke kando. Fundi mkuu wa London, Thomas Mudge, aliitengeneza saa ya mfukoni ya namna hiyo katika miaka ya 1760. Ya mkononi ya kwanza ni ya Patek Philippe ya Geneva, mwaka 1925. Mtambo wake walikuwa nao tangu 1898. Waliuunda kwa ajili ya saa ya kike ya kuning'iniza, haikupata mnunuzi, ukalala miaka 27 ndipo wakautia kwenye kasha la mkononi. Mwaka huohuo wa 1925, tarehe 8 Mei, Mzee Mwinyi akazaliwa.

BIBI: Kumbe ni rika moja.

MWALIMU: Rika moja, Bibi. Na uzuri wa saa hiyo ni kwamba mvaaji hahusiki na hesabu. Aprili ina 30, yenyewe inajua. Februari ina 28, inajua. Mwaka wa nne Februari ina 29, inajua. Ya kawaida yenye tarehe huigusi miezi saba, lakini Februari, Aprili, Juni, Septemba na Novemba lazima uisukume kwa mkono. Mara tano kwa mwaka. Hii huisukumi. Sasa nauliza, na hapa ndipo ninaposimama: kama saa inajua, kwa nini iweke dirisha usoni la kunionyesha kwamba sasa tuko mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, au mwaka mrefu? Hilo dirisha ni la nini? Mpishi mzuri halazimiki kuniletea mezani chungu na mwiko. Mwaka 1962 Patek walitoa saa yao namba 3448, ya kwanza ya kalenda ya kudumu inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono. Uso wake mweupe, umetulia, tarehe na mwezi wa angani chini, siku na mwezi juu. Mwaka mrefu hauonyeshwi. Wenye macho wanaihesabu miongoni mwa saa nzuri kupita zote. Wakaja 1981 na namba 3450, wakatia kidirisha cha mwaka mrefu. Kwangu mimi ni kama mtu aliyekuwa akiaminika kwa neno lake, sasa anakuja na mashahidi.

Nakiri hoja hii ilinigusa. Nimewahi kuzitazama picha za hiyo 3448, na kweli uso wake hauna neno la ziada. Nilitamani Mwalimu awe sahihi. Lakini fundi alikuwa ameshainama chini ya meza, akatoka na kifuniko cha ndoo ya rangi.

Kilikuwa kifuniko cheupe, ukingo wake umekatwakatwa kwa wembe pande zote. Kwa mbali ungedhani panya wamekitafuna. Kwa karibu uliona kwamba kila pengo lina kina chake.

FUNDI: Saa ya kalenda ya kudumu sijawahi kuishika kwa mkono wangu, nisiwadanganye. Nimeitazama kwenye simu usiku mpaka betri ikakata. Kisha nikakaa nikachonga hiki ili niielewe. Huu ndio ubongo wake. Gurudumu moja linalozunguka duara moja tu kwa miaka minne. Miaka minne ina miezi 48, kwa hiyo lina nafasi 48. Mwezi wa siku 31 sikuukata, ukingo umebaki mzima. Nafasi hizo ni 28. Mwezi wa siku 30 nimeukata kidogo. Hizo ni 16. Februari ya siku 28 nimeikata ndani kabisa, ziko tatu. Na hii hapa, moja tu, kina chake kimepungua unywele kuliko zile tatu. Hii ndiyo 29.

MZEE WA PANGANI: Lete niipapase.

Mzee huyu alikulia Pangani kwenye madau na majahazi. Biashara ya dagaa na chumvi ndiyo iliyompandisha huku. Macho yake yana ukungu sasa. Alipitisha kidole gumba ukingoni taratibu, kama anayetafuta upenyo kwenye ubao wa chombo, akasimama.

MZEE: Ni hapa?

FUNDI: Sivyo, hiyo ni 28. Mbele tena, miezi 12.

MZEE: Hapa.

FUNDI: Hapo. Sasa, kuna wenzo mdogo wenye mdomo. Mwisho wa mwezi mdomo unashuka juu ya ukingo huu. Ukikuta ukingo mzima, tarehe inakwenda hadi 31. Ukizama kidogo, inaruka kutoka 30. Ukizama sana, inaruka kutoka 28. Saa haijui nyota wala jua, Mwalimu. Inajua kina cha shimo. Wapo mafundi wanaotumia gurudumu la miezi 12 tu, Februari yake ikawa na kijigurudumu kidogo kinachogeuka robo kila mwaka, lakini kisa ni kilekile.

MWALIMU: Vizuri sana. Sasa umenisaidia mimi. Kila kitu kimo ndani. Dirisha la nini?

Nilichokiona baada ya hapo hakikupangwa. Mjukuu wa Bibi, wa miaka mitano, alikuwa amesimama kwenye pembe ya meza muda wote huo. Mzee aliporudisha kifuniko mezani mtoto akakidaka, akakisimamisha kwa ukingo, akakizungusha kama pia. Kikazunguka, kikayumba, kikalala.

FUNDI: Haya. Nilikuwa nimekiacha kwenye Februari 2025. Mwalimu, sasa hivi kiko wapi?

MWALIMU: Mwaka 2025 ukiugawanya kwa nne kinabaki kimoja. Ni mwaka wa kwanza baada ya mrefu. Mtoto wa darasa la sita anajua.

FUNDI: Huo ni mwaka. Mimi nauliza kifuniko.

Kimya kilichofuata nakikumbuka vizuri kuliko maneno mengi ya siku ile. Kugawanya kwa nne kunakuambia mwaka uko wapi. Hakukuambii saa iko wapi. Mashimo matatu ya 28 yanafanana kama pacha, na mwenye kukitazama kifuniko kwa juu hana namna ya kujua ni Februari ipi iliyo mbele yake ila ahesabu tangu kwenye lile shimo moja la 29, na ili alipate hilo shimo lazima afungue saa.

FUNDI: Saa ya ufunguo ikisahauliwa kabatini siku mbili inasimama. Ya kujijaza nayo ikivuliwa inasimama. Ukiiokota baada ya miezi mitatu lazima uirudishe kwenye tarehe. Nyingi za zamani zina vitufe vidogo ubavuni, unabonyeza kwa kijiti. Tarehe mbele, mwezi mbele. Nyuma haziendi. Ukipitiliza mwezi mmoja kwenye saa isiyo na dirisha, wewe unaona Machi, unadhani utazunguka miezi 11 urudi Februari. Utarudi Februari kweli, lakini ya mwaka mwingine ndani ya gurudumu. Ili urudi mahali pako ni lazima ubonyeze mara 47. Na usipojua, saa itakaa kimya, kila siku sahihi, kila mwezi sahihi, mpaka ifike Februari moja ndipo ikutoboe. Inaweza kukudanganya miaka mitatu bila kusema uongo hata siku moja.

MWALIMU: Basi apelekewe fundi.

FUNDI: Fundi yupi? Yule wa Geneva?

Watu wakacheka, Mwalimu pia. Kisha akarudi kwenye hoja yake kwa njia ambayo sikuitazamia, na ndiyo iliyonifanya nione kwamba mjadala huu si wa matajiri wa Ulaya peke yao.

MWALIMU: Sikilizeni. Kaizari Haile Selassie wa Ethiopia alikuwa na saa ya namna hii, Patek namba 2497, ya dhahabu. Iliuzwa kwa mnada Geneva mwaka 2017 kwa mamilioni ya faranga za Uswisi. Namba 2497 haina dirisha la mwaka mrefu. Mtu aliyeongoza dola alivaa saa isiyoonyesha, na mambo yake yakaenda.

MWANDISHI: Mwalimu, mfano huo unaniangukia mimi mkononi. Kaizari alivaa saa isiyoonyesha katika nchi ambayo mwaka mrefu unaonyeshwa na kila mtu. Waethiopia wana miezi 13. Kumi na miwili ya siku 30, na wa mwisho, Pagume, wa siku tano, au sita mwaka ukiwa mrefu. Na miaka yao minne wameipa majina ya waandishi wa Injili: Mathayo, Marko, Luka, Yohana. Siku ya sita ya Pagume inakuja mwishoni mwa mwaka wa Luka. Mwaka wao wa 2015, uliomalizika Septemba 2023 kwa hesabu yetu, ulikuwa wa Luka. Mkulima asiyejua kusoma, ukimwuliza huu ni mwaka wa nani, akakuambia Mathayo, amekwisha kukuonyesha gurudumu liko wapi. Hilo ni dirisha. Limewekwa mdomoni mwa watu badala ya kuwekwa kwenye dhahabu.

MWALIMU: Umenipata nusu.

MWANDISHI: Nusu nyingine?

MWALIMU: Kwamba jamii ikishajua, saa haina haja ya kujua mara ya pili.

BIBI: Nyinyi mnajadili saa ambayo bei yake hakuna shamba hapa linaloifikia. Mimi naomba niulize la kwangu. Hiyo siku ya ziada ni ya nani? Marehemu babu yenu alikata mkonge huko Korogwe, enzi za kipande. Kadi ya kipande ilikuwa na viboksi 30. Ukimaliza kazi ya siku inapigwa alama. Alama zikitimia 30 unalipwa. Kama Februari ya 28 ilikwisha hujazitimiza, ukavuka na kuingia Machi, hilo halikuwa jambo lao. Mwezi wa mkonge haukuwa na Februari. Alikuwa akisema, mwezi wangu uko mfukoni. Leo mwanangu ni mlinzi, analipwa kwa mwezi. Mwaka jana Februari akalinda usiku 29, mshahara uleule wa usiku 28. Nani aliyemwonyesha dirisha?

Hakuna aliyemjibu Bibi mara moja, na sidhani kama lilikuwa swali la kujibiwa kwa haraka. Kibarua wa kutwa hupata chake cha tarehe 29 kwa sababu siku yake inahesabiwa mbele ya macho. Wa mshahara wa mwezi humezwa na neno "mwezi", neno ambalo lina siku 28 likitaka na 31 likitaka. Nilichukua kile kifuniko nikakitazama tena kwa jicho la kadi ya mkonge: viboksi 30 ambavyo mwenye kadi aliviona vikijaa kimoja kimoja, mkononi mwake mwenyewe. Mfumo wa kipande ulikuwa mgumu na sitaupamba. Lakini hesabu yake haikumficha mfanyakazi amefika wapi.

MZEE WA PANGANI: Bibi amesema ya bara, mimi niseme ya pwani. Sisi tulikuwa na mwaka usio na dirisha, wala hiyo siku ya kuweka dirishani haukuwa nayo. Mwaka wa Nairuzi. Siku 365, hazizidi, hazipungui. Miongo 36 ya siku kumi kumi, kisha siku tano za kuufunga. Hesabu ilikuja na pepo za Uajemi, tangu enzi. Nahodha wa zamani ukimwuliza kusi inakaza lini, hakutajii Mei wala Juni. Atakuambia Nairuzi imefika siku ya ngapi.

KIJANA: Na mwaka mrefu?

MZEE: Haupo. Mwaka wetu haukuwahi kuwa mrefu.

MWALIMU: Hapo niongeze, Mzee. Askofu Edward Steere aliandika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili Unguja, kikatoka mwaka 1870. Siku ya mwaka, yaani Nairuzi yenyewe, zama hizo ilikuwa ikiangukia mwishoni mwa Agosti. Leo hii watu wa Makunduchi, Unguja, wanaukoga mwaka huo Julai. Fanya hesabu: kila miaka minne Nairuzi inatangulia siku moja mbele ya kalenda ya serikali. Kwa karne moja na nusu ni siku thelathini na kitu.

KIJANA: Mwezi mzima umepotea!

MZEE: Hakuna kilichopotea, mwanangu. Kusi ilivuma wakati wake. Namba ndizo zilizohama. Babu yangu alijua siku ya mia ya Nairuzi ina upepo gani, na baba yangu alijua siku ileile ina upepo mwingine kidogo, na hakumwita babu mwongo. Walikuwa wakitazama maji. Mwezi wa kufunga nao, jioni hii tutautafuta kwa macho.

Hapa Mwalimu alidhani amepata rafiki, nami nilidhani nimempoteza. Kama watu waliendesha majahazi mamia ya miaka kwa mwaka usioirekebisha robo ya siku, basi kelele hizi za dirisha ni za nini? Nililifikiria jambo hili palepale. Nairuzi haikumficha mtu kitu. Haikuahidi kwamba itajirekebisha yenyewe, kwa hiyo kila aliyeitumia alijua ni wajibu wake kuitazama bahari. Mwaka wa jua una siku 365, saa 5, dakika 48 na sekunde arobaini na kitu. Nairuzi iliyaacha masaa hayo yaanguke, na watu wakaona yakianguka. Saa ya kalenda ya kudumu inadai kwamba imeyaokota. Anayedai kuwa amekuhesabia sharti akuonyeshe amefika wapi. Anayekuachia uhesabu mwenyewe hadaiwi hivyo.

Nilipolisema hilo pale kwenye benchi, Mwalimu alitikisa kichwa polepole.

MWALIMU: Kwa hiyo wewe huipingi saa ya plastiki?

MWANDISHI: Siipingi, sasa nimemwelewa fundi. Haijawahi kuniambia inajua mwaka. Kosa la daftari ni langu. Ninayoipinga ni ile ya dhahabu inayojua na haisemi.

FUNDI: Na wenyewe waliligundua hilo mapema. Audemars Piguet, mwaka 1955, waliitoa saa ya mkononi ya kalenda ya kudumu inayoonyesha mzunguko wa mwaka mrefu usoni, ndiyo iliyotangulia. Miaka saba kabla ya hiyo 3448 unayoipenda, Mwalimu. Halafu kuna Kurt Klaus wa IWC. Huyu ndiye ningependa nimpe mkono. Mwaka 1985 alitoa saa iitwayo Da Vinci, akaondoa vitufe vya ubavuni vyote. Kalenda nzima, tarehe, siku, mwezi, hata mwezi wa angani, unaisogeza kwa kifundo kimoja, kile unachojazia ufunguo. Na usoni akaandika mwaka kamili kwa tarakimu nne. Huhitaji hata herufi ya mwaka mrefu. Unasoma 1988, unajua.

MWALIMU: Tarakimu nne. Hiyo ni heshima. Hiyo naikubali, maana inasema kitu ambacho hata asiyejua saa anakisoma. Ile namba ndogo, moja, mbili, tatu, nne, ni siri ya mafundi.

FUNDI: Hata ile namba ndogo, Mwalimu, mtoto hakuzungushi nayo.

MWALIMU: Basi iwepo. Lakini iwe ndogo.

Hapo ndipo Mwalimu alipofika, wala hakusogea zaidi, na sikumsukuma. Bado naamini anaupenda ule uso mweupe wa 1962, na sina neno na mapenzi yake.

KIJANA: Fundi, hizi saa zinaitwa za kudumu. Zinadumu mpaka lini?

FUNDI: Mpaka 28 Februari 2100.

KIJANA: Kisha?

MWALIMU: Kisha hesabu ya Papa Gregori inaziumbua. Mwaka 1582 waliifuta siku kumi. Watu walilala tarehe 4 Oktoba wakaamka tarehe 15. Ili isitokee tena, wakaweka kanuni: mwaka wa karne hauwi mrefu ila ukigawanyika kwa 400. Mwaka 1900 haukuwa mrefu. 2000 ulikuwa. 2100 hautakuwa. Katika miaka 400, mirefu ni 97, si 100. Kifuniko cha fundi kinajua nne tu, hakijui mia. Siku hiyo mdomo wa wenzo utashuka kwenye shimo la 29 na hakutakuwa na 29.

FUNDI: Wapo walioongeza gurudumu la miaka mia nne, na hizo ni chache mno. Nyingine zote, mwenye nazo tarehe 1 Machi 2100 itabidi aisogeze kwa mkono.

BIBI: Huyu wangu atakuwa na umri gani?

Tulihesabu wote kwa pamoja. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Themanini.

BIBI: Anaweza kufika. Mama yangu aliipita.

FUNDI: Ile Da Vinci, Bibi, ilikuwa inatoka kiwandani na kipande kidogo cha akiba cha tarakimu za karne za mbele, kimefungwa ndani ya kichupa cha kioo. Mnunuzi anajua hatakitumia yeye. Anakitunza.

BIBI: Basi na hiki kiandike.

FUNDI: Kifuniko cha ndoo?

BIBI: Si umesema ubongo ndio huo? Umesema mtu akikizungusha hakijulikani kiko wapi. Weka alama. Na hiyo siku ambayo haitakuwepo, iandike nyuma.

Fundi alichukua chupa ya rangi ya kucha, ile anayotumia kuweka alama kwenye skrubu ili zisichanganyike, akatia nukta nyekundu kando ya shimo la 29. Akahesabu kutoka kwenye nukta miezi 12 mpaka Februari ya mwaka huu, akakwaruza mstari hapo. Kisha akakigeuza kifuniko, akafikiria kalamu, akaiacha. Wino kwenye plastiki ya ndoo haukai. Akaitia sindano kwenye moto wa kibiriti mpaka ikawa nyekundu, akaanza kuchoma tarakimu moja moja, mbili, moja, sifuri, sifuri, na moshi wa plastiki ukamfanya mtoto azibe pua na asiondoke.